Shimo hili la nani? Historia ya mchanga, kutoka Kunduchi mpaka Bamburi

Leo sina habari za mitihani wala foleni ya kantini. Nina historia, tena historia ya kitu ambacho hakuna mwalimu aliyewahi kunipa kama swali la mtihani: mchanga. Mchanga, kokoto, na mashimo yanayobaki vikishaondolewa. Vuta kiti.

Ukipanda daladala la barabara ya Bagamoyo kuelekea Tegeta, utafika mahali konda ataita "Africana! Africana washuke!" Watu wanashuka, wanaelekea makwao, na wengi wetu wa umri huu hatujiulizi jina hilo limetoka wapi. Lilitoka kwenye hoteli. Africana ilikuwa moja ya hoteli za pwani ya Kunduchi, zile zilizojengwa kuanzia miaka ya 1960 nchi ilipoanza kuwaza utalii wa fukwe. Kulikuwa na Kunduchi Beach, Bahari Beach, Silversands, na hiyo Africana. Bahari ikala ufukwe uliokuwa mbele yake, kisha ikaanza kula majengo yenyewe, na hoteli ikaachwa. Jina likahamia barabarani, likawa kituo.

Swali langu la leo ni hili: nani aliupeleka ule ufukwe? Ukimuuliza mtu wa haraka atakwambia bahari. Mimi nadhani tukitazama vizuri tutakuta na malori humo ndani.

Kwanza tuanze na hesabu ya fundi. Waulize mafundi wowote wa zege, watakutajia "moja, mbili, nne": ndoo moja ya saruji, mbili za mchanga, nne za kokoto. Yaani katika ndoo saba unazomwaga, sita ni mchanga na kokoto. Tunaita nyumba ya saruji, lakini kwa kipimo cha ndoo saruji ni mgeni tu. Wenye nyumba ni mchanga na kokoto. Kampasi hii ya Mlimani tuliyohamia mwaka 1964 kutoka mtaa wa Lumumba, mabweni yake, madarasa, ngazi zote tunazopanda asubuhi huku tunahema, ni mto fulani na mlima fulani uliobebwa kwa lori na kumwagwa hapa. Na fundi mwenye akili hatataka mchanga wa baharini, maana una chumvi, na chumvi inakula nondo taratibu mpaka zege linapasuka. Anataka mchanga wa mtoni, ulioshwa na maji baridi. Kumbukeni hilo, tutalirudia.

Kabla ya saruji watu wa pwani hii walijenga kwa mwamba wa matumbawe na chokaa. Magofu ya Kunduchi, msikiti wake na makaburi yale yenye nguzo zilizopachikwa sahani za Kichina, ni ujenzi huo. Msikiti Mkuu wa Kilwa ni ujenzi huo huo. Mawe yalichongwa kwenye mwamba, mengine mororo yalikatwa kwenye miamba hai ndani ya maji, na chokaa kilipatikana kwa kuchoma matumbawe kwenye tanuri la magogo. Sisemi kwamba wazee hawa hawakuharibu chochote. Miamba hai ilikatwa na miti ilichomwa. Lakini kasi ilikuwa ya mkono, na wanaojenga kwa mawe walikuwa wachache. Wengine wote walijenga kwa miti, udongo na makuti, nyumba ambayo ikichoka inarudi ardhini bila kuacha shimo lolote la kuogopesha.

Saruji ilikuja kubadilisha kasi. Kiwanda cha Bamburi, kaskazini ya Mombasa, kilianza uzalishaji mwaka 1954. Chetu cha Wazo Hill, pale Tegeta, kilianza mwaka 1966. Sensa ya mwaka uliofuata, 1967, ilikuta Dar es Salaam ina watu wasiofika 300,000. Sensa ya 2012 ilikuta 4,364,541. Ya 2022 ikakuta 5,383,728. Sasa chukua idadi hiyo, igeuze kuwa vyumba, vyoo, kuta za uzio, maduka, makanisa, misikiti, shule na barabara. Halafu rudi kwenye hesabu ya fundi: kwa kila ndoo ya saruji inayotoka kiwandani, ndoo sita lazima zitoke mahali pengine. Kiwanda kina geti, kina mizani, kina karatasi. Ndoo sita hazina geti.

Zilitoka wapi? Sehemu yake ilitoka kwenye vijito na mito ya kaskazini ya jiji: Mbezi, Tegeta, na ndugu zao. Mito hii midogo unaivuka kila siku na kiangazi huioni hata kama mto. Inaonekana kama barabara ya mchanga yenye dimbwi hapa na pale. Ikinyesha masika, maji yanatoka vilimani na kubeba mchanga mpaka baharini. Pale mlangoni mawimbi yanaupokea, yanausambaza pembeni mwa pwani, na huo ndio ufukwe. Ufukwe si kitu kilichotulia, jamani. Kila siku mawimbi yanaondoa mchanga fulani, na kila masika mto unaleta mwingine. Ukiona ufukwe umekaa miaka mia pale pale, maana yake kinachoingia kinalingana na kinachotoka.

Sasa weka lori kwenye mto huo. Vijana wanne na mabeleshi, wanajaza, linaondoka, linakuja lingine. Kila tripu ni mchanga ambao ulikuwa safarini kwenda Kunduchi na haukufika. Watafiti wa pwani waliofanya kazi Kunduchi tangu miaka ile wamelitaja jambo hili mara nyingi: uchimbaji wa mchanga kwenye mito inayolisha pwani ni moja ya sababu za ufukwe kuliwa. Moja, si pekee. Kulikuwa pia na wavuvi wa baruti waliovunja miamba inayopunguza nguvu ya mawimbi, kuna matumbawe yaliyochomwa chokaa, kuna mikoko iliyokatwa, na kuna mabadiliko ya bahari yenyewe. Halafu hoteli zilizobaki zikajenga kuta za mawe kuingia baharini ili kunasa mchanga. Zilinasa, ni kweli, lakini mchanga unaonaswa mbele ya hoteli moja ni mchanga ambao jirani yake hataupata. Mwenye fedha alipata ukuta, asiye na fedha alipata mawimbi.

Lakini kinachonishangaza mimi kama mwanafunzi wa historia ni kwamba ukitafuta mtu aliyebomoa pwani ya Kunduchi, humpati. Kijana mwenye beleshi alikuwa kilomita kadhaa ndani ya nchi kavu, hakuwahi kugusa ufukwe. Dereva alikuwa anatafuta hela ya dizeli na posho yake. Aliyetoa kibali, kama kilikuwepo, alikuwa anatazama kipande cha mto, hakutazama bahari. Mwenye nyumba alikuwa anajenga chumba na sebule kwa akiba ya miaka kumi. Kila mmoja ukimuuliza ana sababu ya maana. Na hasara imeangukia mtu wa tano kabisa, aliyeko mahali pengine, miaka mingi baadaye. Shimo liko Mbezi, anguko liko Kunduchi. Katikati yao hakukuwa na mpango wowote.

Basi sasa tupande basi twende kaskazini, tuvuke Horohoro na Lungalunga, tuingie Mombasa. Nina sababu ya kuwapeleka huko. Bamburi walichimba kuliko vijana wetu wote wa mabeleshi, na leo watoto wa shule wanalipa kiingilio kwenda kuangalia lile shimo.

Kampuni ya saruji ya Bamburi ilianzishwa na Felix Mandl mwanzoni mwa miaka ya 1950. Malighafi yake ilikuwa pale pale chini ya miguu: mwamba wa matumbawe ya kale, uliobaki nchi kavu tangu enzi ambazo bahari ilikuwa juu kuliko leo. Ni ndugu wa mawe ya magofu yetu. Wakachimba, wakasaga, wakachoma. Kufika mwaka 1971 mamilioni ya tani yalikuwa yameshaondoka, na kilichobaki kilikuwa uwanja mpana, mweupe, ulioshuka mita kadhaa chini ya ardhi ya jirani. Udongo wa juu, ambao tangu mwanzo ulikuwa mwembamba, haukuwepo tena. Jua linapiga kwenye mwamba mtupu, na chini kidogo tu ya sakafu kuna maji yenye chumvichumvi. Hata majani hayakutaka kuota.

Pale kiwandani alikuwepo René Haller, mtaalamu wa bustani na kilimo kutoka Uswisi, ambaye alikuwa ameajiriwa tangu mwaka 1959 kushughulikia bustani. Mwaka 1971 akaanza kazi ya kulifufua lile shimo. Alijaribu aina 26 za miti. Zilizoweza kuishi ni 3 tu: mvinje, mnazi, na mti mmoja wa nchi za Somalia unaoitwa damas. Aina 23 zilikufa. Hapo wengi wetu tungefunga daftari.

Mvinje ndio uliobeba kazi. Mnaujua, ule mti wa pwani wenye majani kama sindano unaovuma upepo ukipita. Unavumilia chumvi, na kwenye mizizi yake wanaishi bakteria waitwao Frankia, ambao wanachukua naitrojeni ya hewani na kuupa mti kama mbolea. Kwa hiyo mvinje unaweza kusimama mahali ambapo hakuna rutuba kabisa, kwa sababu unapikiwa chakula chake mizizini. Ukapandwa kwenye vishimo vilivyotobolewa kwenye sakafu ya mwamba, ukakua haraka, kivuli kikaanza kupatikana.

Lakini kivuli si udongo. Majani makavu ya mvinje yalianguka na kubaki hivyo hivyo, tabaka juu ya tabaka, kwa sababu ni makali na vijidudu vya kawaida havikuyapenda. Msitu ulikuwa unasimama juu ya kapeti kavu. Haller akamwona jongoo mwenye miguu myekundu akila yale majani. Wakakusanywa majongoo mamia kwa mamia, wakaachiwa msituni. Jongoo anakula jani kavu, anatoa kinyesi, bakteria wanamalizia, na kidogo kidogo udongo mweusi ukaanza kujengeka juu ya mwamba. Haba na haba hujaza kibaba, na hapa kibaba kilijazwa na kinyesi cha jongoo. Mdudu ambaye sisi tunamkanyaga au tunamrukaruka njiani ndiye aliyetengeneza shamba.

Udongo ulipopatikana mambo mengine yakafuata. Miti zaidi ikapandwa, ikiwemo ya asili ya pwani. Mivinje iliyokomaa ilivunwa kwa nguzo na kuni. Palipochimbwa mpaka kukutana na maji pakawa mabwawa, wakafugwa samaki aina ya perege, na mamba. Wanyama wakaletwa. Mwaka 1984 sehemu ya machimbo ikafunguliwa kwa wageni, mwaka 1987 Haller akapewa tuzo ya Global 500 ya shirika la mazingira la Umoja wa Mataifa, na mwaka 1999 mahali pale pakapewa jina lake, Haller Park. Hata kama hamjui lolote kati ya haya, mnaijua picha moja: kiboko mdogo Owen, aliyeokolewa Malindi baada ya tsunami ya Desemba 2004, akilala ubavuni mwa kobe mkubwa aitwaye Mzee. Picha ile ilizunguka dunia nzima. Ilipigwa ndani ya machimbo ya kiwanda cha saruji.

Hadithi tamu, si ndiyo? Na kwa sababu ni tamu ndiyo maana inahitaji kuchunguzwa. Mara nyingi inasimuliwa kama muujiza wa mtu mmoja mwenye subira. Subira ilikuwepo, simnyang'anyi mtu sifa yake. Lakini ukiiweka hadithi hii kando ya Kunduchi, unaona mambo ambayo watalii hawaambiwi getini.

La kwanza, shimo la Bamburi lilikuwa na mwenyewe. Lilikuwa ndani ya mipaka ya kampuni moja, na kampuni haikuondoka. Kiwanda kilikuwa pale pale mlangoni, kinaingiza fedha kila siku, kinaweza kulipa mishahara ya watu wanaopanda miti ambayo 23 kati ya aina zake zinakufa. Mchimbaji wa mchanga wa mtoni hana shimo la kwake. Masika yakija mto wenyewe unalifukia, na ushahidi unakwenda na maji.

La pili, kazi ilianza mwaka 1971, uchimbaji ulianza 1954. Ni miaka 17 ya kuchimba bila kufikiria mwisho. Udongo uliopotea ndio ule ule ambao jongoo walilazimika kuutengeneza upya. Leo watu wa fani hii wanaanza kwa upande mwingine: kabla jiwe la kwanza halijatoka, udongo wa juu unakwanguliwa na kuwekwa pembeni, panaamuliwa kina cha kuchimba ili sakafu ibaki juu ya maji au iwe bwawa kwa makusudi, na eneo linagawanywa vipande, ili kipande cha kwanza kinapopandwa miti cha tatu ndicho kinachimbwa. Usipoziba ufa utajenga ukuta. Hapa wahenga walikuwa wanaongea kama maafisa mipango kabisa.

La tatu, na hili linanisumbua zaidi: haikuwa sheria. Sheria ya mazingira ya Kenya ilitungwa mwaka 1999, miaka 28 baada ya mivinje ya kwanza. Sheria yao mpya ya madini, inayotaka mchimbaji awe na mpango wa kurudishia ardhi na wa kufunga mgodi, ni ya mwaka 2016. Kwa hiyo msitu wa Bamburi ulitokana na mtu aliyekuwepo na uongozi uliokubali. Angeajiriwa mwingine, au uongozi ungesema hapana, tungekuwa na uwanja mweupe mpaka leo. Huwezi kuendesha nchi kwa kutegemea kwamba kila shimo litampata Haller wake.

La nne, ardhi haikurudi ilivyokuwa. Mwamba uliosagwa uko kwenye kuta za Mombasa na Nairobi, haurudi. Pale chini kuna msitu mpya, mahali pa chini zaidi, wenye miti ambayo mingine si ya pale. Ni kitu kizuri, lakini ni kitu kingine. Tunaposema "kurudishia ardhi" tusijidanganye na neno. Tunachoweza kufanya ni kuipa ardhi kazi nyingine ya heshima.

Na hapa ndipo mchanga unapoachana na mwamba. Mwamba wa Bamburi ni akiba ambayo haiongezeki, ukichimba umechimba. Swali lake la mipango ni: mwisho patakuwa nini? Mchanga wa mto unaongezeka kila masika. Swali lake ni: kila mwaka unaingia kiasi gani, na tuchukue kiasi gani ili wa chini naye apate? Shimo linahitaji mpango wa mwisho, mto unahitaji kipimo. Ukiupelekea mto mpango wa shimo, kwamba chimba kwanza halafu tutapanda miti, utapanda miti vizuri sana na ufukwe utaondoka vile vile.

Wenzetu wa Makueni, kule Ukambani, walilielewa hili kwa njia ngumu. Mito yao ni ya msimu. Kiangazi unaona mchanga tu, lakini chini ya mchanga kuna maji yamehifadhiwa, jua haliyafikii. Akina mama wanafukua kisima kwa mikono na kuchota. Mchanga ule ni tangi. Ukiupakia kwenye lori kwenda kujenga maghorofa ya Nairobi umepakia tangi la kijiji, na mvua inayofuata maji yanapita juu ya mwamba moja kwa moja. Ugomvi wa mchanga huko ulifika mpaka kumwaga damu. Mwaka 2015 kaunti ikatunga sheria yake ya kuhifadhi na kutumia mchanga, ikaunda mamlaka ya kuusimamia, na kuweka kizuizi cha kuusafirisha nje ya kaunti kwa biashara. Kwa maneno mengine, walianza kupima mto na kumpa mtu wa chini ya mto kiti mezani.

Na sisi? Msiseme hatuna sheria, tunazo. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004 imeweka mita 60 kutoka kingo za mito na ufukwe wa bahari kama eneo la kulindwa. Sheria ya Madini ya 2010 inautambua mchanga na kokoto kama madini ya ujenzi, yanayohitaji leseni kama madini mengine. Karatasi ipo. Tatizo ni kwamba mara nyingi tunaikumbuka siku ya operesheni: magari yanakuja, vijana wanakimbia, mabeleshi yanakamatwa, wiki mbili baadaye malori yamerudi, tena usiku. Si ajabu. Jiji bado linataka ndoo sita kwa kila moja. Ukifunga mto bila kuonyesha mchanga mwingine uko wapi, umepandisha bei tu, na bei ikipanda ndiyo kwanza mtu wa kuingia mtoni usiku anapatikana.

Tena naomba tusiwaseme vibaya wachimbaji kana kwamba ni watu wa sayari nyingine. Pale Kunduchi Mtongani, kwenye machimbo ya mawe, kuna akina mama wanaogonga kokoto kwa nyundo kuanzia asubuhi, kichwani kanga, pembeni mtoto amelala kivulini. Kokoto zile zimesomesha watu. Mpango wowote ambao hauna jibu kwa mama yule si mpango, ni kumfukuza.

Mpango ninaousema mimi si kitu cha ajabu. Ni kutenga maeneo ya kuchimba yanayojulikana, mbali na mito inayolisha fukwe, na kuyaandika kwenye ramani ya jiji kama tunavyoandika soko na shule. Ni kumpa mchimbaji mdogo kipande chenye mpaka na muda, ili naye awe na shimo la kwake. Ni kukata kiasi fulani kwa kila tripu na kukiweka mahali ambapo hakiliwi, kiwe cha kufufua kile kipande akishamaliza. Ni kuamua mapema shimo litakuwa nini: bwawa la samaki, uwanja wa mpira, shamba la mivinje. Na mtoni ni kupima kwanza, hata kama majibu yatatuudhi.

Kuna jambo moja la mwisho, nalo limenifanya niandike leo badala ya kusubiri. Mwaka 2024 kampuni ya Amsons, ya hapa hapa Tanzania, ilinunua sehemu kubwa kabisa ya hisa za Bamburi. Yaani kiwanda kilichotuachia mfano unaotajwa zaidi Afrika Mashariki wa shimo lililofufuliwa sasa kina mwenyewe anayetoka kwetu. Hatuwezi tena kusema kwamba hayo ni mambo ya Wakenya na Waswisi. Mti unaopandwa na mmoja unaweza kukatwa na mwingine, na msitu wa miaka 50 unahitaji kila mwenye nyumba mpya aamue upya kuulinda. Ndiyo maana sheria inatakiwa ifungwe kwenye shimo lenyewe, isifungwe kwenye moyo wa mtu. Wamiliki watabadilika, shimo litabaki pale pale.

Wengi wenu mnaosoma hapa mtajenga. Mkimaliza shule, mkapata kazi, bumu likageuka mshahara, kitu cha kwanza kitakuwa kiwanja na tripu ya kwanza ya mchanga. Siku hiyo dereva akishamwaga, kabla hujamlipa, muulize ameutoa wapi, na lile shimo amemwachia nani. Pengine atakucheka. Muulize hivyo hivyo, na mteja wa pili amuulize, na wa tatu. Mji huu ukianza kuuliza, kuna mtu ofisini atalazimika kutafuta jibu.

Naishia hapa, umeme nao unacheza. Alamsiki.